Sol Plaatje: Je, mhariri wa magazeti ni mwanariwaya kwa haki?

Swali la msomaji: "Mimi ni mwanafunzi wa fasihi. Darasani tumeambiwa kwamba Sol Plaatje wa Afrika Kusini ndiye Mwafrika wa kwanza kuandika riwaya kwa Kiingereza. Nilipotafuta habari zake nilikuta magazeti, siasa na safari za London kuliko riwaya. Riwaya yenyewe ni moja tu, Mhudi, iliyoandikwa karibu mwaka 1920 na kutoka mwaka 1930. Je, tunamwita mwanariwaya kwa haki? Kwa nini kitabu kilikaa miaka kumi bila kuchapishwa? Na mtu asiyemjua aanze na kitabu gani?"

Ndugu mwanafunzi, niliondoe kwanza lile dai la "Mwafrika wa kwanza", kwa sababu limeenea mno na linamtwika Plaatje sifa asiyoihitaji. J. E. Casely Hayford wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alichapisha Ethiopia Unbound mjini London mwaka 1911, karibu miaka ishirini kabla ya Mhudi kutoka. Sifa ambayo ni ya Plaatje bila ubishi ni kwamba yeye ndiye mtu mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kuchapisha riwaya kwa Kiingereza. Nasema "kwa Kiingereza" kwa makusudi, maana jirani yake Thomas Mofolo alikwisha kuandika kwa Kisotho, na riwaya yake Moeti oa Bochabela ilitoka kama kitabu mwaka 1907 baada ya kupitia kurasa za gazeti la Leselinyana. Wakati ule, katika sehemu ile ya bara, gazeti na riwaya vilikaa nyumba moja, na hapo ndipo jibu la swali lako linapoanzia.

Kwa maoni yangu ni haki kabisa kumwita mwanariwaya, ila si kwa kumtenga na mwanahabari. Kazi zote mbili zilitokana na mazoea yale yale: kumtafuta aliyeona kwa macho yake, kumsikiliza hadi mwisho, kisha kuuandika ushahidi wake kwa namna ambayo mkubwa aliye mbali hawezi kudai kwamba hakuambiwa. Ukiisoma Mhudi ukiwa na jambo hilo akilini, huioni tena kama kitabu kilichoandikwa pembeni na mtu wa siasa aliyepata nafasi. Unaona kesi ile ile aliyokuwa akiidai magazetini, safari hii ikifunguliwa miaka mia moja nyuma.

Mazoea hayo aliyapata mapema. Solomon Tshekisho Plaatje alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876 katika wilaya ya Boshof, Orange Free State, akakulia Pniel karibu na mto Vaal, kwenye kituo cha wamisionari wa Kijerumani kutoka Berlin. Elimu yake ya darasani ilikuwa fupi, mengine alijisomea. Mwaka 1894 aliajiriwa katika posta ya Kimberley, na mwaka 1898 akahamia Mafikeng kuwa mkalimani wa mahakama, akitumia Kitswana, Kiingereza, Kiholanzi na lugha nyingine kadhaa alizozijua. Waandishi wengi wa muhtasari wa maisha yake huipita kazi hii kwa sentensi moja. Mimi naiona ndiyo shule yake kubwa. Mkalimani wa mahakama hana ruhusa ya kupamba. Shahidi akisema jambo lenye utata, utata huo lazima umfikie hakimu kama ulivyo, kwa kuwa mtu anaweza kufungwa kwa sababu ya sentensi iliyonyooshwa kupita kiasi. Plaatje aliandika hata insha nzima juu ya kazi hiyo, The Essential Interpreter, na hoja yake kubwa ni kwamba ukalimani mbovu huzaa hukumu mbovu.

Vita vya Makaburu na Waingereza vilipofika Mafikeng na mji ukazingirwa, kuanzia tarehe 13 Oktoba 1899 hadi 17 Mei 1900, yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekwama ndani. Mchana alikalimani na kuwachapia kwa taipureta waandishi wa habari za vita, akiwamo Vere Stent wa Reuters, na katika nafasi zake akaandika shajara. Magazeti ya Uingereza yaliugeuza mzingiro huo kuwa hadithi ya ushujaa wa Baden-Powell, kamanda wa Waingereza mjini humo, na watu wake. Katika shajara ya Plaatje unawakuta Wabarolong, wenyeji wa mji, wakishika bunduki na kulinda, wakitoka usiku kwenda kuteka ng'ombe wa Makaburu, na wakibanwa na njaa kuliko wazungu kwa sababu mgao wa chakula haukuwa sawa. Anayaandika hayo kwa utani mwingi, akiruka kutoka Kiingereza kwenda Kitswana na Kiholanzi ndani ya ukurasa mmoja. Shajara hiyo ilichapishwa mwaka 1973, miongo minne baada ya kifo chake. Yeye hakuitangaza kabisa.

Baada ya vita aliingia uhariri moja kwa moja. Silas Molema, mtu wa ukoo wa kichifu wa Barolong, ndiye aliyetoa mtaji wa Koranta ea Becoana, gazeti la kila wiki la Kitswana na Kiingereza ambalo Plaatje alilihariri kuanzia mwaka 1902. Gazeti hilo lilielemewa na madeni likafa kabla ya muongo kwisha. Mwaka 1910 alihamia Kimberley na kuanzisha Tsala ea Becoana, ambalo mwaka 1912 lilirithiwa na Tsala ea Batho. Hayo pia hayakudumu. Sitaki kurefusha habari za madeni, ila zishike, kwa sababu ndizo zitakazoeleza baadaye kwa nini Mhudi ilichelewa: wasomaji walikuwa wachache na maskini, matangazo ya biashara yalikuwa haba, na mwenye gazeti alilazimika kuwa mhariri, mwandishi, karani wa hesabu na mkusanyaji wa ada kwa wakati mmoja.

Mwezi Januari 1912, mjini Bloemfontein, kilianzishwa chama cha South African Native National Congress, ambacho tangu mwaka 1923 kinaitwa African National Congress, na Plaatje akawa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata bunge la wazungu lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Wenyeji. Sheria hiyo iliwatengea Waafrika, ambao walikuwa zaidi ya theluthi mbili ya watu wote, takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi, na kuwakataza kununua au kukodi ardhi nje ya maeneo hayo. Katika Free State ilivunja kabisa mpango wa kulima shamba la mzungu na kugawana mavuno nusu kwa nusu, mpango ambao ulikuwa umeziwezesha familia nyingi za Kiafrika kujilimbikizia ng'ombe na akiba. Adhabu ya kuivunja ilikuwa faini ya hadi pauni 100 au kifungo cha hadi miezi sita. Ilianza kutumika tarehe 19 Juni 1913, katikati ya baridi kali ya majira ya kipupwe.

Hapa ndipo Plaatje alipofanya kazi ambayo kwangu ni kilele cha uandishi wake wa habari. Alichukua baiskeli akazunguka pande za mto Vaal kutafuta waliofukuzwa. Mmoja wa aliowakuta ni mkulima aitwaye Kgobadi. Mtu huyu alikuwa akijipatia zaidi ya pauni 100 kwa mwaka kwa kulima nusu kwa nusu, na juu ya hayo alibaki na nguvu za mkewe na ng'ombe wake kwa ajili ya nyumba yake. Sheria ilipopita, mwenye shamba alimtaka yeye, mkewe na maksai wake wote wamtumikie kwa shilingi 30 kwa mwezi. Kgobadi alipokataa, alikabidhiwa barua ya Kiholanzi ya tarehe 30 Juni 1913, ikimwamuru awe ameondoka shambani kabla ya jua kuchwa siku hiyo hiyo, la sivyo mifugo yake ingekamatwa na yeye mwenyewe angepelekwa kwa wakuu kwa kosa la kuingia shamba la mtu bila ruhusa. Familia ikatoka na gari lake la maksai, na ndani yake mtoto mchanga aliyekuwa mgonjwa. Mtoto akafa njiani. Wazazi hawakuwa na haki ya kuchimba kaburi mahali popote katika nchi ile, kwa hiyo walimzika usiku, kwa siri, katika ardhi ya mtu mwingine, wakaondoka kabla hawajaonekana. Plaatje anaongeza hapo kwamba hata mhalifu anayeshushwa kwenye kitanzi hupewa futi zake sita za udongo bila mtu kubisha.

Angalia jinsi habari hiyo ilivyojengwa. Kuna kiasi cha fedha kabla na baada, kuna tarehe ya barua na lugha iliyoandikiwa, kuna saa ya mwisho ya kuondoka. Kilio kinakuja mwishoni, kikiwa kimekwisha kutengenezewa msingi ambao wakili hawezi kuubomoa. Huyo ni mkalimani wa mahakama akiandika.

Mwaka 1914 alisafiri na ujumbe wa chama kwenda London, ukiongozwa na John Dube, kuiomba serikali ya Uingereza iingilie kati. Waziri wa Makoloni, Lewis Harcourt, hakuwasaidia, na mwezi Agosti vita kuu vikaanza. Wenzake walirudi nyumbani, yeye akabaki hadi mwaka 1917 akihutubia na kuandika. Matunda yake ni Native Life in South Africa, kitabu kilichotoka London mwaka 1916. Sentensi yake ya kwanza inajulikana kuliko kitabu chenyewe: kwamba asubuhi ya Ijumaa, tarehe 20 Juni 1913, mwenyeji wa Afrika Kusini aliamka akajikuta, ikiwa si mtumwa hasa, basi ni mtu aliyetengwa katika nchi aliyozaliwa. Kitabu hakina uwiano. Zipo sura za mijadala ya bunge zilizonakiliwa kwa urefu unaochosha, na imani yake kwamba mfalme wa Uingereza angetenda haki akiambiwa tu ukweli inamkera msomaji wa leo. Lakini zile sura za njiani hazijapata mfano wake katika uandishi wa habari wa wakati ule kusini mwa Afrika.

Alirudi London mwaka 1919 na ujumbe wa pili, safari hii wakafanikiwa kuonana na Waziri Mkuu Lloyd George mwenyewe. Lloyd George alionyesha kuguswa, akamwandikia Jenerali Smuts, Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, na mambo yakaishia hapo. Nadhani haikutokea kwa bahati kwamba ni katika miezi hiyo, mlango wa mwisho wa rufaa ulipokuwa ukifungwa, ndipo Plaatje alipoandika riwaya. Mwaka 1920 alimwarifu Molema kwa barua kwamba ameandika hadithi ya mapenzi iliyosimama juu ya matukio ya kweli ya historia.

Mhudi inaanza na Wabarolong kumwua Bhoya, mtoza kodi wa Mzilikazi, mfalme wa Wamatebele, na jeshi la mfalme huyo kuuteketeza mji wao wa Kunana karibu mwaka 1832. Msichana Mhudi na kijana Ra-Thaga, kila mmoja akidhani amebaki peke yake duniani, wanakutana porini na kuoana bila wazee wala mahari. Kuanzia hapo tunafuatana nao hadi Thaba Nchu kwa chifu Moroka, ambako Makaburu wanafika wakiwa hoi baada ya kunyang'anywa mifugo na Mzilikazi. Wabarolong wanawapokea, wanawapa chakula na maksai wa kuvuta magari yao, kisha wanaungana nao kumshinda Mzilikazi na kumfukuza kaskazini.

Habari ya Bhoya ndiyo inayonifanya nisisitize hoja yangu. Katika dibaji Plaatje anaeleza kwamba aliisikia kwa bahati, alipokuwa akiokota vipande vya historia ya watu wake. Mtu alitaja tu "siku walipouawa watoza kodi wa Mzilikazi". Akaufuata uzi huo kwa wazee hadi akajua kwamba mauaji hayo ndiyo chanzo cha vita. Vitabu vya wazungu vilikuwa vikisema kwamba Wamatebele waliwavamia Wabarolong kwa ukatili wa kuzaliwa nao tu, bila kuchokozwa. Mwandishi wa habari ndiye aliyeuliza swali ambalo wanahistoria hawakuliuliza: kabla ya hapo kulitokea nini?

Jicho la shahidi ndani ya riwaya amepewa mwanamke. Ra-Thaga ni mwema na jasiri, lakini ni mwepesi kuamini. Anafanya urafiki na Kaburu kijana aitwaye De Villiers na kuridhika. Mhudi ndiye anayetazama jinsi Makaburu wanavyowatendea watumishi wao wa Kikhoi, na anachokiona kinamfanya awaogope wageni hao hata wakati mumewe anawasifu. Urafiki wake mwenyewe anaupeleka kwingine, kwa Umnandi, mke kipenzi wa Mzilikazi, mwanamke wa upande wa maadui. Sijui riwaya nyingine ya Kiafrika ya miaka ile iliyompa mwanamke nafasi kubwa hivyo ya kufikiri na kuamua.

Kisha kuna hotuba ya Mzilikazi baada ya kushindwa. Anasimulia habari za mtu wa kale aitwaye Zungu aliyeokota mtoto wa simba akamlea, hadi mnyama alipokua akawala watoto na wake wa mlezi wake, halafu anatabiri kwamba Wabechuana, yaani Watswana, walioungana na Makaburu watapokwa ardhi na kufanywa watumwa na Makaburu wale wale ambao wao waliwaokoa. Msomaji wa mwaka 1930 hakuhitaji maelezo. Thaba Nchu ilimezwa na Free State mwaka 1884, na Free State ndiko kulikotoka akina Kgobadi na magari yao. Plaatje amemwekea kinywani mfalme adui neno ambalo Native Life ilikuwa imelithibitisha kwa tarehe na hesabu.

Sisemi kwamba riwaya haina kasoro. Kiingereza chake kimejaa mwangwi wa Biblia na Shakespeare, wahusika wakati mwingine wanahutubiana badala ya kuzungumza, na mazungumzo ya mapenzi yamekakamaa. Wahakiki wa zamani waliyaona hayo tu, wakaihesabu kuwa kazi ya mwanafunzi wa misheni. Nafikiri hawakuona kwamba lugha hiyo ya juu inatumiwa na Wabarolong na Wamatebele kwa usawa. Machifu wa Kiafrika wanaongea kwa heshima ile ile ambayo msomaji wa Kiingereza alizoea kuwapa wafalme wa tamthilia zake.

Kuhusu kuchelewa, jibu kwa sehemu kubwa ni fedha na umiliki wa mitambo. Plaatje alibisha hodi kwa wachapishaji wa Uingereza na Marekani, ambako alizunguka kati ya mwaka 1920 na 1922, bila mafanikio. Hawakuona soko la riwaya ya kihistoria iliyoandikwa na Mwafrika, na yeye hakuwa na akiba ya kugharamia uchapaji. Nyumbani, mitambo iliyokubali vitabu vya Waafrika ilikuwa mikononi mwa misheni. Hata Chaka ya Mofolo, iliyokwisha kuandikwa karibu mwaka 1910, ilisubiri misheni ya Morija hadi mwaka 1925. Mhudi ilipokelewa hatimaye na Lovedale Press, nayo ikiwa mali ya misheni, na mwandishi alikuwa na miaka miwili tu ya kuishi. Kitabu alikitabarukia Olive, binti yake aliyefariki mwaka 1921 wakati baba akiwa ng'ambo, na katika tabaruku hiyo anamtaja kuwa mmoja wa vijana wengi waliouawa na "mfumo uliokwisha kuwekwa".

Miaka hiyo ya kusubiri hakukaa bure. Aliandika makala katika magazeti ya watu wengine, akazunguka mashuleni akionyesha sinema kwa mashine ya kubeba, na akatafsiri Shakespeare kwa Kitswana. The Comedy of Errors ilitoka mwaka 1930, na Julius Caesar mwaka 1937 baada ya kifo chake. Tangu mwaka 1916 alikuwa amechapisha mkusanyo wa methali 732 za Kitswana. Hata Mhudi, anasema kwenye dibaji, ilikusudiwa kuleta fedha za kuchapisha ngano za Kitswana kwa ajili ya shule. Alifariki kwa homa ya mapafu tarehe 19 Juni 1932, siku ambayo sheria aliyoipinga ilitimiza miaka kumi na tisa.

Sasa, uanzie wapi? Usianze na riwaya. Tafuta Native Life, usome sura ya nne, ile ya usiku mmoja pamoja na waliofukuzwa, ambamo Kgobadi anatokea. Ni fupi na haihitaji maandalizi. Baada ya hapo nenda moja kwa moja kwenye Mhudi, na sura zilizobaki za Native Life uzirudie baadaye, ukiruka za bungeni bila aibu. Shajara ya Mafikeng iache ya mwisho, kwa sababu utani wake unanoga zaidi ukishamjua mwenyewe.

Ila angalia unashika toleo lipi la Mhudi. Toleo la Lovedale la mwaka 1930 linatofautiana na mswada uliopatikana baadaye, ambao ndio msingi wa toleo la Heinemann la mwaka 1978. Katika mswada hadithi inasimuliwa na mzee aitwaye Half-a-Crown, na wahakiki wengi waliamini kwamba wahariri wa misheni ndio waliomfuta. Wengine wanaona kuwa huenda Plaatje mwenyewe alishiriki kuifanyia kazi yake marekebisho. Kwa mwanafunzi ningependekeza la mwaka 1978. Ukimsikia mzee akisimulia, utaona kwamba kisa chote kimewekwa kama ushahidi unaopokelewa kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu na tukio, na mwandishi amejibakizia kazi ya kuunakili.